Kati ya Utambulisho na Kitambulisho: Ubatizo, Jina na Nafsi ya Mkristo Mpakani Lunga Lunga

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya ubatizo na utambulisho wa mtu katika imani ya Kikristo, kwa kutumia mazingira ya Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale, na historia ya pwani ya Kenya kwa jumla. Hoja ya msingi ni kwamba ubatizo, kwa mafundisho ya Ukristo wenyewe, ni utambulisho, lakini historia yetu imeufanya uonekane kuwa kitambulisho. Ushahidi unatolewa kutoka katika mofolojia ya Kiswahili, Maandiko, historia ya pwani na sheria ya Kanisa.

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Mombasa kwa barabara iendayo Tanga hupita Ukunda, Msambweni na Ramisi kabla hajafika Lunga Lunga. Hapo huambiwa ashuke na aonyeshe kitambulisho. Ng'ambo ya pili ni Horohoro, nchini Tanzania. Mpaka huo chimbuko lake ni makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, walipokubaliana kuwa mstari uanzie mdomoni mwa mto Umba na kupanda kuelekea Ziwa Viktoria. Mstari huo uliwakata Wadigo vipande viwili. Waliokuwa ndugu jioni waliamka wakiwa raia wa tawala mbili.

Eneo hili linakaliwa na Wadigo, Waduruma, Wakamba, Wavumba, Wasegeju na wengineo. Wadigo walio wengi ni Waislamu tangu vizazi kadhaa vilivyopita, na Wakristo ni wachache ukilinganisha na sehemu nyingi za Kenya bara. Katika mazingira kama haya, jina la mtu halipiti bila kusikilizwa. Ukitaja jina lako dukani, msikilizaji amekwisha kujua unakoswali, unachokula na siku unayopumzika. Ndiyo maana kijana wa huku anapoamua kubatizwa, swali la kwanza la jamaa zake huwa, "Sasa utaitwa nani?" Ni nadra kusikia likitangulia lile la "Umeamini nini?"

Swali hilo si la kupuuzwa. Nyuma yake pana hofu ya kweli: je, mtoto wetu bado ni wetu? Atakaa nasi matangani? Atalibeba jina la babu yake? Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa uadilifu, na yanaanza na kile ambacho sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kukifahamu kuliko wengine, yaani lugha.

2.0 Ushahidi wa Lugha

2.1 Neno "batiza"

Kitenzi "batiza" ni cha mkopo. Asili yake ni Kigiriki, ambamo kilikuwa na maana ya kuzamisha au kutosa majini, nacho kiliingia Kiswahili kwa mikono ya wamisionari wa Ulaya. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno ya kuhusisha mwili na maji. Tulikuwa na zamisha, chovya, osha, oga, tawadha na josho. Kwa nini basi halikuteuliwa mojawapo?

Jibu laweza kupatikana tukilinganisha ubatizo na udhu. Mwislamu hutawadha kabla ya sala, na udhu ukitenguka hutawadha tena. Ni tendo la kurudiwa, na ni tendo ambalo mtu hujifanyia mwenyewe. Ubatizo, kwa mafundisho ya makanisa yaliyo mengi, hufanywa mara moja tu maishani, na hakuna ajifanyiaye. Laiti neno "josho" lingetumiwa, msikilizaji wa pwani angeelewa kuwa kinachoondolewa ni najisi. Neno geni lilimlazimu aulize maana, na katika kuuliza ndipo mafundisho yalipopata nafasi. Mkopo huu, kwa hiyo, ulikuwa na faida kwa pande zote mbili: ulilinda tofauti ya dhana bila ya kuyapokonya maneno ya Kiislamu maana zake.

2.2 Mnyambuliko

Tukitazama mnyambuliko wa kitenzi hiki tunapata funzo la pili. Mtu husemwa "amebatizwa", katika kauli ya kutendwa. Ama kirejeshi -ji-, hakitumiki kanisani. Anayesemwa "amejibatiza" ni yule aliyejipachika cheo au sifa asiyostahili, na kauli hiyo ni ya kejeli. Tulinganishe na kitenzi "silimu", ambacho hutumika katika kauli ya kutenda: fulani amesilimu. Mwenye kusilimu hutamka shahada kwa ulimi wake mwenyewe, na kwa tamko hilo amekwisha kuingia. Mwenye kubatizwa huulizwa imani yake, naye hujibu, lakini tendo lenyewe hulipokea kutoka kwa mwingine. Hatusemi kuwa njia moja ni bora kuliko nyingine. Tunachosema ni kuwa sarufi imehifadhi tofauti ya kiitikadi ambayo wasemaji huitamka kila siku bila ya kuitambua.

2.3 "Utambulisho" na "kitambulisho"

Maneno haya mawili yana shina moja. Kutokana na "tambua" tunapata "tambulisha", na kutokana na "tambulisha" tunapata "utambulisho" na "kitambulisho". Kiambishi u- kinataja tendo au hali, ilhali ki- kinataja kifaa. Kitambulisho ni kitu unachoweza kukitia mfukoni, kukipoteza, kunyang'anywa au kunyimwa. Utambulisho, kwa upande wake, unahitaji watu: pana anayekutambulisha, na pana unayetambulishwa kwake.

Tofauti hii ndiyo nguzo ya makala haya. Mkristo anapofundishwa kuwa ubatizo humfanya mwana wa Mungu na kiungo cha Kanisa, anafundishwa juu ya utambulisho, kwamba Mungu ndiye anayemtambulisha. Lakini jamii inapouona ubatizo kama njia ya kupata jina, cheti na kundi, inauona kama kitambulisho. Migogoro mingi juu ya jambo hili hutokana na kuvichanganya viwili hivi.

3.0 Ushahidi wa Maandiko

Je, Agano Jipya linafungamanisha ubatizo na kubadilisha jina la mtu? Tukisoma kwa makini tunaona kuwa halifanyi hivyo. Sauli alibatizwa Dameski baada ya kuombewa na Anania, kama inavyosimuliwa katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Hata hivyo msimulizi anaendelea kumwita Sauli hadi sura ya 13, ambapo anaeleza kwamba alikuwa pia na jina la Paulo. Hilo lilikuwa jina la Kirumi la mtu aliyeishi baina ya mataifa mawili, mfano wa watu wetu wa mpakani. Petro alipewa jina hilo na Yesu, lakini Injili haziambatanishi tukio hilo na ubatizo.

Aidha, Waraka kwa Warumi unamtaja mhudumu wa Kanisa aitwaye Fibi, na Waraka kwa Wafilipi unamtaja Epafrodito. La kwanza ni jina la ngano za miungu ya Kiyunani, na la pili limetokana na jina la mungu wa kike Afrodite. Waliobeba majina hayo walikuwa Wakristo wa kutegemewa, na Mtume hakuwataka wayaache. Yule towashi wa Kushi, Mwafrika aliyebatizwa na Filipo kando ya njia katika sura ya 8 ya Matendo, hatujui aliitwa nani kabla ya ubatizo wala baada yake. Tunajua tu kwamba alikwenda zake akifurahi.

Jina linalotajwa penye ubatizo ni la Mungu mwenyewe: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Kiswahili hutumia "kwa jina la", na sikio letu husikia maana ya "kwa mamlaka ya", kama vile askari asemavyo "kwa jina la sheria". Kigiriki cha Mathayo sura ya 28 kina kihusishi chenye maana ya kuingia ndani: mtu huingizwa katika jina hilo, huwa mali ya mwenye jina. Sura ya 6 ya Waraka kwa Warumi inaufananisha ubatizo na kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo, na sura ya 3 ya Waraka kwa Wagalatia inaufananisha na kuvaa vazi jipya, ambalo kwalo tofauti za Myahudi na Myunani, mtumwa na huru, mwanamume na mwanamke hazina tena uwezo wa kutenganisha. Ieleweke kwamba Myunani hakuambiwa aache kuwa Myunani. Aliambiwa kuwa Uyunani wake si kipimo cha thamani yake mbele za Mungu.

4.0 Ushahidi wa Historia ya Pwani

Iwapo hayo ndiyo mafundisho, imekuwaje pwani yetu ikauona ubatizo kuwa kubadilishwa jina na kabila? Historia inatupa sababu.

4.1 Mfalme mwenye majina mawili

Mnamo karne ya 17, Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mombasa aliyeuawa, alipelekwa Goa na Wareno. Huko alilelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino, akabatizwa na kuitwa Jerónimo. Alirudishwa Mombasa katika miaka ya 1620 ili atawale chini ya Wareno. Mwezi Agosti 1631 aliivamia Ngome ya Yesu, akamuua kapteni wake, akaukana Ukristo na kurejea katika Uislamu na jina lake la awali. Wakristo wengi waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika waliokataa kuiacha imani yao.

Tukio hili husimuliwa kama kisa cha usaliti au cha ukombozi, kulingana na msimulizi ni nani. Kwa mtazamo wetu, ni kisa cha ubatizo uliofanywa kitambulisho cha kisiasa. Yusuf alipewa jina na dola, akalirudisha kwa dola. Tofauti yake na wale Wakristo Waafrika waliokufa ni kwamba kwao ubatizo haukuwa na cheo wala kiti cha enzi nyuma yake. Ulikuwa ndio wao.

4.2 Rabai na Freretown

Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846. Kazi yao huko Rabai ilizaa matunda machache mno. Mtu wa kwanza wa Rabai kubatizwa alikuwa Mringe, mgonjwa na mlemavu, ambaye alibatizwa akikaribia kufa mwaka 1851. Baada yake alikuja Abe Gunja, aliyebatizwa Abraham, na mwanawe Nyondo, aliyebatizwa Isaac. Tutambue kwamba historia inamkumbuka mwana huyo kama Isaac Nyondo. Jina jipya halikulifuta la zamani, bali yalikaa pamoja.

Hali ilikuwa tofauti kwa waliokombolewa utumwani. Freretown, karibu na Mombasa, ilianzishwa katika miaka ya 1874 na 1875 kuwa makazi ya watumwa walioachwa huru. Viongozi wake wa mwanzo walikuwa Waafrika waliosomeshwa Nasik, India, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler, waliopewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Watu hawa walichukuliwa wangali watoto, na majina waliyopewa na wazazi wao yalikwisha kupotezwa na wafanyabiashara ya utumwa. Kwao jina la ubatizo lilikuwa jina pekee walilokuwa nalo. Hapa methali yetu inageuka. Mwacha asili ni mtumwa, ndiyo. Lakini wako watu waliofanywa watumwa kwanza, na kwa utumwa huo asili yao ikang'olewa. Kumshutumu mtu kama huyo kwa kuitwa William ni kumlaumu aliyeunguliwa nyumba kwa kuvaa nguo za kuazima.

Hata hivyo, ubatizo haukutosha mbele ya sheria za dunia. Watoro waliokimbilia Rabai, ingawa wengi wao walisoma misheni, waliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya mabwana zao. Mabwana hao walipotishia kuwachukua kwa nguvu, George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alikubali kuwalipa fidia, na Januari 1889 watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Jambo hili halikuwa la Rabai pekee. Mwaka 1667 baraza la kutunga sheria la Virginia, katika Amerika ya Kaskazini, lilipitisha kuwa ubatizo haumwondolei mtumwa utumwa wake. Dola zilijua vema kutenganisha utambulisho na kitambulisho pale ilipowafaa.

5.0 Suala la "Jina la Kikristo"

Kutokana na historia hiyo, katika Kenya ya ukoloni na baada yake "jina la Kikristo" lilikuja kumaanisha jina la Kizungu. Lakini je, Kanisa linadai hivyo? Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka mchungaji ahakikishe kuwa mbatizwa anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali aongeze jina la mtakatifu. Sheria mpya ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu kwamba jina lisiwe kinyume na hisia za Kikristo. Kwa mintarafu hiyo, jina la Kidigo au la Kiduruma lisilopingana na imani linafaa kabisa.

Suala hili limewahi kutikisa nchi. Mwaka 1972, katika siasa zake za kurudi kwenye asili, Rais Mobutu aliwaamuru raia wa Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waache majina yao ya Kikristo. Kardinali Joseph Malula alipingana naye na akalazimika kuishi uhamishoni kwa muda. Ni kinaya kikubwa. Malula huyo huyo alikuwa mstari wa mbele kutaka ibada ya Kanisa ivae mwili wa Kiafrika, lakini hakukubali kwamba serikali ndiyo iwaambie watu waitwe nani. Hapa Kenya, mwandishi aliyejulikana kama James Ngugi aliliacha jina hilo la kwanza katika miaka ya 1970, akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Yeye alichagua mwenyewe. Mobutu aliwachagulia wengine, kama vile wamisionari fulani walivyowachagulia wengine kabla yake.

Kiswahili kina neno linaloweza kutusaidia hapa, nalo ni "somo". Pwani, somo wako ni mtu mnayeshiriki jina moja, na baina yenu huwapo mapenzi na kupeana zawadi. Wakatoliki walilichukua neno hilo wakamwita mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake "mtakatifu somo". Kwa neno hili, jina linakuwa urafiki na mtu aliyetangulia, na hapo hakuna haja ya kujitenga na waliokulea. Mtu anaweza kuwa na somo mbinguni na somo mwingine Mwereni.

6.0 Lunga Lunga Leo

Tuchukue mfano wa kijana wa Kiduruma ambaye nyumbani huitwa kwa jina la babu, shuleni aliandikwa jina jingine, na sasa anajiandaa kwa ubatizo. Jamii yake inaweza kumsaidia kuliko anavyodhani. Waduruma kwa desturi huhesabu ukoo kwa pande mbili: ukulume, upande wa baba, na ukuche, upande wa mama. Tangu kuzaliwa, Mduruma anajua kwamba kuwa wa huku hakumzuii kuwa wa kule. Wadigo nao wana desturi ya zamani ya kufuata upande wa mama, ingawa Uislamu umeleta hesabu ya upande wa baba, na desturi hizo mbili zimeishi pamoja kwa muda mrefu. Watu wa namna hii hawafundishwi na mtu kuwa nafsi ina milango zaidi ya mmoja.

Ni kweli kwamba ubatizo unadai zaidi ya ukoo. Mkristo hawezi kusema kuwa Kristo ni mlango mmoja miongoni mwa mingi. Lakini dai hilo halimwamuru avunje milango mingine. Bado ana wajibu wa kumtunza mama yake aliye Mwislamu, kukaa matangani, na kuchimba kaburi la jirani. Anayebatizwa kisha akawadharau jamaa zake amepokea kitambulisho, na ni vigumu kusema kuwa ameuelewa utambulisho.

Upande wa pili pana jamii ya Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya Kwale. Miongoni mwao wamo Wakristo na Waislamu. Kwa miongo kadhaa waliishi bila ya vitambulisho vya taifa, ingawa watoto na wajukuu wao walizaliwa papa hapa. Mwezi Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, na mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Kabla ya hapo, Mmakonde Mkristo alikuwa ametambulishwa mbele za Mungu na Kanisa, ilhali afisa wa mpakani hakumtambua. Kwa miaka mingi cheti cha ubatizo kimekuwa miongoni mwa karatasi zinazoweza kusaidia kuthibitisha umri wa mtu, lakini cheti hicho hakiwezi kuwa uraia. Hali yao inatukumbusha watoro wa Rabai. Isitoshe, inatuonya tusiuseme utambulisho wa kiroho kwa namna ya kuwafanya watu waridhike na kunyimwa haki. Anayeamini kuwa jirani yake ni mwana wa Mungu ana sababu zaidi ya kumdaia karatasi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa lugha, Maandiko, historia na sheria ya Kanisa vinakubaliana juu ya jambo moja: ubatizo humpa mtu mwenyewe, yaani humtia katika jina la Mungu, na haulazimiki kumnyang'anya jina la babu yake. Pale ulipofanya hivyo, palikuwa na dola, utumwa au mazoea ya misheni nyuma yake. Jibu la swali "Sasa utaitwa nani?" basi linaweza kuwa rahisi kuliko ilivyodhaniwa: nitaitwa nilivyoitwa, na huenda nikaongezewa somo.

Kwetu wanachama wa Kiswahili liko jukumu. Istilahi za dini katika lugha yetu, za Kikristo, za Kiislamu na za jadi, zimekaa jirani kwa muda mrefu na kuathiriana, lakini hazijachunguzwa vya kutosha katika vijiji vinavyozitumia. Msamiati wa ubatizo na wa kusilimu miongoni mwa Wadigo wa pande mbili za mpaka ni uwanja unaomngoja mtafiti. Atakayekwenda huko atapita kwenye kizuizi cha Lunga Lunga na kuombwa kitambulisho. Akitoe bila kinyongo, kisha avuke akawasikilize watu wakijitambulisha.